Gharama ya Chuo cha Ufundi, na Nani Ailipaye

Je, ni halali kwa Mkristo kuipima elimu ya mwanawe kwa shilingi? Swali hili twaulizwa mara nyingi, hasa nyakati zile wazazi wanapokuja wameshika karatasi ya kujiunga na chuo. Wengine huuliza kwa haya, kana kwamba kutaja fedha mbele ya mchungaji ni kuivunjia elimu heshima. Wengine huja wamekwisha kukata shauri, nao wataka barua ya usharika tu, au mchango. Tena wapo wachache wasemao wazi: Mtoto wetu ameitwa kusoma stashahada ya umeme, miaka mitatu, ng'ombe tulio nao ni wawili, na shamba ni dogo, je, itatulipa?

Sisi twaona ya kuwa swali hili ni halali. Bwana wetu mwenyewe, kama tusomavyo katika Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu mwenye nia ya kujenga mnara, apasaye kukaa na kupiga hesabu kabla ya kuweka msingi, asije akaishia njiani na kuchekwa na wapitao. Twajua sana ya kuwa mfano ule wahusu gharama ya kumfuata Kristo, wala si ada ya chuo. Walakini Bwana hakuuchukua mfano wake katika jambo la aibu. Mtu ahesabuye kabla ya kujenga alikuwa kwake mtu mwenye akili. Basi mzazi na ahesabu. Linalotusumbua sisi ni namna hesabu yenyewe ifanywavyo katika nyumba zetu nyingi, na hilo ndilo tutakalo kulisema mwezi huu.

Kwanza tueleze kidogo jambo lenyewe, kwa maana wengi huchanganya. Mafunzo ya ufundi stadi, yale ya VETA iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, ni mlango mmoja. Stashahada ya ufundi ni mlango mwingine. Mwenye stashahada ndiye tumwitaye fundi sanifu. Yeye husimama kati ya mhandisi na fundi wa mkono: husoma ramani za kazi, hupima, hukagua, husimamia wengine, naye mwenyewe hushika spana. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1957, nacho tangu 1997 huitwa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Siku hizi viko vyuo vingi, vya Serikali, vya madhehebu na vya watu binafsi, na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi ndilo livisajililo na kuvikagua. Mzazi asiyeuliza kama chuo kimesajiliwa amekwisha kushindwa hesabu kabla ya kuianza. Hilo twalisema kwa haraka kwa kuwa halihitaji hekima nyingi, ila kuuliza tu.

Sasa tuje kwenye daftari. Tutatoa mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila nyumba iweke zake. Tuseme ada kwa mwaka ni shilingi 1,000,000. Tuseme malazi, pamoja na ile ziada ya chakula ipitayo kile ambacho kijana angekula nyumbani, ni 1,200,000. (Twasema ziada, maana wako wazazi wahesabuo chakula chote cha chuoni kana kwamba mtoto akikaa nyumbani hali kitu.) Nauli, madaftari, vifaa na mavazi ya karakana, 300,000. Jumla kwa mwaka ni 2,500,000. Kwa miaka mitatu ni 7,500,000. Hapa ndipo wengi waishiapo, wakapiga mstari.

Lakini bado. Kijana huyu kama asingekwenda chuoni, angekuwa saidia fundi katika majengo, au angelima, au angechunga. Tuseme kazi hiyo ingempa 150,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ni 5,400,000, nazo ni fedha ambazo nyumba haitaziona. Hakuna risiti yake, kwa hiyo hakuna aziandikaye. Lakini mama ambaye kijana wake hayuko wakati wa mavuno azijua vizuri. Hata mwaka 2023 Serikali ilipotangaza kuwaondolea ada wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya vyuo vyake vikubwa vya ufundi, sehemu hii ya gharama haikuondoka, wala haiwezi kuondolewa na Serikali yo yote. Basi gharama ya kweli katika mfano wetu ni shilingi 12,900,000.

Na mapato je? Tuseme fundi sanifu mpya apata 500,000 kwa mwezi. Mzazi husema upesi: Nusu milioni! Lakini faida ya chuo si nusu milioni. Yule mwenzake aliyebaki kijijini hakusimama. Miaka mitatu ya kubeba zege imemfanya naye kuwa fundi, na sasa apata, tuseme, 300,000. Faida ya chuo basi ni ile tofauti, 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Gawanya: itachukua miaka mitano na zaidi ya miezi minne kuirudisha gharama. Na ikiwa kijana atatembeza barua za kuomba kazi kwa miaka miwili bila kupata kitu, jambo ambalo wasomaji wetu wamekwisha kuliona, basi ongeza 7,200,000 ambazo mwenzake alizipata katika miaka hiyo. Sasa ni miaka minane na zaidi ya miezi minne tangu siku aanzapo kazi.

Hatusemi haya ili kuwavunja moyo wazazi. Miaka minane si mingi katika maisha ya mtu afanyaye kazi miaka thelathini au zaidi, na baada ya hapo yote ni faida. Tena fundi sanifu mzuri hupanda. Twawajua waliokwenda kusoma stashahada wakachekwa na wenzao waliokwenda chuo kikuu, nao leo ndio walipao ada za watoto wa wale waliowacheka. Dharau ya kazi ya mikono bado iko kwetu, nayo ni dhambi ya kijinga. Mtume Paulo alishona mahema, na hatusikii kwamba barua zake zilipungukiwa na uzito kwa ajili hiyo. Basi kwa shilingi peke yake, nyumba nyingi zikihesabu kwa uaminifu zitaona ya kuwa stashahada ya ufundi yafaa, mradi chuo ni cha kweli, na fani ni ile iliyo na kazi, na mtoto ana akili ya hesabu na mikono isiyoogopa mafuta ya mashine. Ajuaye zaidi kuliko karatasi za chuo ni yule aliyemaliza miaka mitatu iliyopita. Atafutwe, aulizwe yuko wapi na afanya nini.

Haya yote ni hesabu ya nyumba kana kwamba nyumba ni mtu mmoja. Lakini nyumba si mtu mmoja, na hapa ndipo neno letu lilipo.

Tazama kwetu migombani. Baba ana kihamba, urithi wa babu yake. Kwa desturi ya wengi mtoto wa mwisho ndiye abakiye na nyumba ya wazazi na migomba iizungukayo. Kifungua mimba ameitwa chuoni. Baba auza sehemu ya chini, yenye kahawa, kwa mtu wa mjini atakaye kujenga. Usharika wafurahi, wamwombea kijana, wamtolea sadaka. Miaka mitatu yapita, kijana ahitimu, apata kazi mbali, aoa, ajenga huko. Je, ni nani aliyeilipa stashahada ile? Baba alitia sahihi, lakini baba ataishi katika nyumba yake mpaka kufa. Aliyelipa ni yule mdogo, ambaye siku ile ya kuuza alikuwa darasa la nne, wala hakuulizwa, wala hakujua kwamba kuna jambo la kuulizwa.

Au ni binti. Hili twaliona zaidi, na twalisema kwa uchungu. Dada amefaulu kidogo chini ya kaka, au amefaulu sawasawa. Fedha ni za mtu mmoja. Yeye akaa nyumbani mwaka mmoja ili kusaidia, kisha mwaka wa pili. Auza maziwa na ndizi sokoni, na fedha ile yatumwa chuoni kwa simu kila mwisho wa mwezi. Ukimwuliza baba, atakuambia ya kuwa amemsomesha kijana wake kwa jasho lake. Katika daftari la nyumba jina la binti halimo. Naye akiolewa, watu husema hakupenda shule.

Basi hesabu ya shilingi 12,900,000 na miaka minane haitoshi, hata ikiwa sahihi kwa senti. Mkono wa kushoto wa daftari wahitaji majina, na mkono wa kulia pia: nani atoa, nani apokea. Maana ikiwa atoaye na apokeaye ni watu wawili, hatuwezi kusema gharama imerudi kwa sababu tu jumla ya mkono wa kulia imeipita ya kushoto. Imerudi kwa nani? Mtu akichukua mbuzi wa jirani akamla kisha akanenepa, hatusemi kwamba kijiji kimefaidika.

Tumeulizwa: Je, ndugu si mwili mmoja? Je, upendo hauhesabu? Neno hili ni zuri, nasi hatulipingi, lakini twatazama ni nani alisemaye. Mara nyingi husemwa na yule aliyepokea. Upendo usiohesabu ni wa yule atoaye, atoe kwa hiari, akijua atoacho. Aliyepokea yampasa kuhesabu sana. Binti aliyeulizwa, akaambiwa wazi kwamba fedha za mwaka huu zamtosha mmoja, naye akasema kaka aende, huyo ametoa zawadi. Aliyenyamaziwa mpaka nafasi ikapita hakutoa zawadi yo yote. Amenyang'anywa kwa upole.

Wainjilisti na walimu wetu wamehubiri mara nyingi juu ya Luka sura ya 15, na karibu kila mara huishia kwenye karamu ya mwana mdogo. Tumfikiri yule mkubwa. Alikuwa shambani. Hakupewa hata mbuzi wa kufurahi na rafiki zake. Babaye akatoka nje kumsihi, na jibu la baba laweza kusimama kwa sababu moja: urithi wa yule mkubwa ulikuwa bado upo, wote, na baba aliweza kumthibitishia hivyo. Baba aliyeuza kahawa ya chini hawezi kumwambia mwanawe wa mwisho maneno yale. Atoke nje, amsihi, lakini atamwonyesha nini?

Sisi Walutheri jambo hili si geni kwetu. Hans, babaye Martin Luther, alikuwa mtu wa kuyeyusha shaba huko Mansfeld, aliyejiinua kwa juhudi. Mwanawe aliingia chuo kikuu cha Erfurt mwaka 1501, na mzee akataka awe mwanasheria, maana sheria ilikuwa njia ya cheo na mali. Mwaka 1505 Martin alipata shahada ya uzamili, akaanza sheria. Na mwezi wa Julai mwaka ule ule akaingia katika nyumba ya watawa. Hans alikasirika sana. Gharama ya miaka mingi ilipotea, na kwa hesabu yake hapakuwa na shilingi ya kurudi. Sisi twamshukuru Mungu kwa hasara ile. Lakini tusimcheke mzee, maana hata mwanawe hakumcheka. Mwaka 1521 alimwandikia babaye barua, akaiweka mbele ya kitabu chake juu ya nadhiri za watawa, naye akakiri humo ya kuwa aliingia utawani kinyume cha mapenzi ya baba. Deni lile alilitambua mbele ya watu wote wasomao. Juu ya ndugu na dada zake, na walichokosa wao ili Martin asome, vitabu vyasema kidogo mno.

Yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima alipambana na wazazi wahesabuo nusu. Nyumba za watawa zilipofungwa, watu wengi wa Ujerumani waliona ya kuwa elimu haina mkate tena, wakawatoa watoto shuleni. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote kwamba, ikiwa fedha nyingi zatumika kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, kwa nini zisipatikane kwa mwalimu wa shule. Na mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg, aliandika mahubiri marefu juu ya kuwaweka watoto shuleni. Hakuwaambia wazazi kwamba kuhesabu ni dhambi. Aliwaonyesha walichosahau kuandika: parokia zisizo na wahubiri, miji isiyo na waandishi wala waganga wala wanasheria. Alitaka waone ya kuwa apataye na apotezaye ni wengi kuliko baba na mwana.

Basi tufanyeje? Tumefikiri sana juu ya mkopo. Wengi wetu twauogopa, na woga huo si mbaya. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilianza katika mwaka wa masomo 2023/2024 kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa. Sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Kwa fundi wetu wa mfano, tukiuhesabu mshahara wote kuwa ni wa msingi, ni shilingi 75,000 kila mwezi. Ni mzigo. Lakini mkopo una haki moja ndani yake ambayo twaomba isidharauliwe: hulipwa na yule yule alaye matunda. Mtoto wa darasa la nne hauzi kahawa yake. Mzazi achaguaye kati ya kuuza ardhi na kukubali mwanawe akope, asifikiri kwamba kuuza ndiko kuna upendo zaidi. Mara nyingine kuuza ni kukopa pia, ila mkopeshaji hakuambiwa.

Pale pasipo na mkopo, sharika zaweza kufanya kitu. Watu wa Leisnig huko Saksonia, mwaka 1523, waliweka sanduku la pamoja, na Luther akaliandikia dibaji. Katika sanduku lile hawakutunza maskini na shule tu; walifikiri pia habari za mafundi waliokwama kwa kukosa fedha, wapate kukopeshwa na kurudisha kidogo kidogo. Kwetu twatoa harambee, kila mtu aweka alichonacho, kijana aenda, na habari yaisha. Si vibaya. Lakini harambee ikiwa mkopo usio na riba, urudio ili amfae mwingine mwaka ujao, ingewafaa watoto wengi zaidi, na ingemfundisha fundi kijana ya kuwa alichopokea kilikuwa na mwenyewe.

Na nyumbani? Sisi twashauri jambo dogo, nalo tumeliona likifanyika mara kadhaa. Kabla ya kuuza au kukopa, nyumba yote ikae, hata watoto waliofikia kuelewa. Gharama isomwe kwa sauti, pamoja na ile isiyo na risiti. Kila mmoja aulizwe: wewe utakosa nini katika miaka hii? Na jibu liandikwe. Kisha aendaye chuoni aandike atafanya nini, kwa nani, na lini, akipata kazi. Na pia aandike atafanya nini asipopata, kwa kuwa mikono yake itakuwa na ujuzi hata kama mfuko hauna kitu. Karatasi hii haina nguvu barazani, wala hatutaki iwe nayo. Ikae pamoja na vyeti vya ubatizo.

Wako watakaosema kwamba tunaingiza biashara kati ya ndugu. Twaona kinyume. Tumeketi na ndugu wengi wakigombania mipaka baada ya mazishi, na karibu kila mara, ukichimba, wakuta chini yake ada ya mtu fulani iliyolipwa miaka ishirini iliyopita, ambayo hakuna aliyewahi kuitaja. Yule aliyebaki aijua mpaka siku. Yule aliyekwenda ashangaa kweli. Kwake ilikuwa fadhili ya baba.

Katika nyumba moja tuliyoketi, baba aliandika sehemu ya kila mtu, akataka kufunga daftari. Tulipomwuliza binti atakosa nini, alinyamaza kitambo. Kisha akasema atakosa mwaka huu kozi ya ushonaji, na akamtaka kaka aandike cherehani, na mwaka. Kaka aliandika cherehani. Kwa mwaka alisita, kwa maana hakujua kazi itapatikana lini. Mwisho akaandika mwaka wa pili wa ajira, nao wote wawili wakatia sahihi.

Wazee wa baraza wametuomba tutangaze ya kuwa barua za vyuo zaandikwa baada ya ibada ya Jumapili ya kwanza ya mwezi. Atakaye barua asije peke yake na baba. Twamsihi aje na wote wa nyumbani, na yule dada pia.